Saa 48 Mbele ya Majaji: Jinsi Filamu Fupi ya Muda Maalumu Inavyohukumiwa

Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza namna jopo la majaji linavyoipima filamu fupi iliyotungwa, ikapigwa picha, ikahaririwa na kukabidhiwa ndani ya muda uliowekwa, na kutetea rai moja kwamba jaji wa shindano la namna hii hapimi jasho la washindani, kwa kuwa wote wametoka jasho lilelile, ila hupima maamuzi waliyoyafanya walipoona muda unawaishia.

Ni vyema kuanza na maana. Shindano la muda maalumu ni lile ambamo washindani huanza kazi pamoja kwa saa moja na kuikabidhi kabla ya saa nyingine iliyotangazwa. Lililo maarufu zaidi ni Mradi wa Filamu wa Saa 48, ulioanzishwa mjini Washington, Marekani, mwaka 2001 na Mark Ruppert akishirikiana na Liz Langston, ambao tangu hapo umeenea katika miji mingi ya dunia. Jioni ya Ijumaa kila kikundi huchota kura ya utanzu, yaani aina ya filamu kama vile ucheshi, mapenzi, upelelezi au ya kutisha. Kisha vikundi vyote vya mji huo hupewa mambo matatu yanayofanana, ambayo ni mhusika mwenye jina na kazi yake, kitu cha kushikika, na sentensi ambayo lazima itamkwe. Filamu isipungue dakika 4 wala isizidi 7, na uandishi wa skripti, upigaji picha na uhariri vyote vifanyike ndani ya saa hizo, ingawa inaruhusiwa kukusanya watu na kutafuta lokesheni mapema.

Hali hiyo ni tofauti kabisa na ile ya matamasha ya kawaida. Katika Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ambalo limefanyika tangu mwaka 1998 na kuufanya ua wa Ngome Kongwe kuwa ukumbi wa sinema chini ya nyota, filamu inayowania Jahazi la Dhahabu inaweza kuwa imetengenezwa kwa mwaka mmoja au kwa miaka kumi, na hakuna jaji anayeuliza. Tuzo hutolewa kwa kilichoonekana kwenye kitambaa cheupe. Swali ni kama uamuzi wa shindano la saa 48 ufuate njia hiyohiyo au utafute njia nyingine, na hoja zifuatazo zinajaribu kulijibu.

1. Saa ndiyo jaji wa kwanza, na hukumu yake isichanganywe na hukumu ya watu

Kabla ya jaji yeyote kuketi, saa imeshatoa uamuzi. Filamu iliyokabidhiwa baada ya muda huweza kuonyeshwa kwa hadhira, kwa heshima ya walioitengeneza, lakini haiwanii tuzo kuu. Kazi ya kuangalia saa ni ya waandaaji peke yao, na majaji wasijue ni kikundi gani kilifika kikikimbia na flashi mkononi na kipi kilikabidhi kazi mapema kikaenda kulala. Jaji akishayajua hayo, atawahurumia waliofika dakika za mwisho au atawastahi waliowahi mno, na hisia zote mbili hazihusiani na filamu.

Hapa Dodoma jambo hili lina uzito wake. Mji uko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana hauachani sana na saa 12 mwaka mzima, na kikundi kinachoanza saa 1 jioni ya Ijumaa na kumaliza saa 1 jioni ya Jumapili kina mwanga wa jua kwa takriban saa 24 tu. Nusu ya muda wote ni giza. Kati ya hizo saa 24 za mwanga, zile za katikati ya mchana huwa na jua la utosini linalozika macho ya mwigizaji katika kivuli cha paji la uso wake, na mwanga laini wa jioni, ule unaoipaka miamba ya Mlima Simba rangi ya asali, hudumu kwa muda mfupi mno kwa sababu jua la karibu na ikweta hutua kwa haraka. Kikundi kinachoelewa hesabu hiyo hupanga onyesho lake muhimu saa 11 jioni na kujikinga ndani ya nyumba saa 6 mchana, na kikundi kisichoelewa huonekana kwenye picha zake.

Swali la umeme nalo huulizwa kila mara. Umeme ukikatika usiku wa Jumamosi, kompyuta ikazimika huku faili la mwisho likiwa nusu, je, muda uongezwe? Jibu linalofaa ni kwamba muda hauongezwi kwa kikundi kimoja, ila waandaaji wanaweza kufungua ukumbi wenye jenereta kwa vikundi vyote usiku kucha, na hilo litangazwe kabla, kwa maana msaada unaotangazwa baada ya mkasa humnufaisha mwenye mdomo tu. Vivyo hivyo kwa nyakati za ibada. Shindano linaloanza Ijumaa na kumalizika Jumapili hugusa sala za kila siku za Waislamu, Sabato ya Wasabato na ibada ya Wakristo wengine, na kwa kuwa linawagusa wote, halimwongezei mtu alama wala kumpunguzia.

2. Masharti ni ushahidi, lakini pia ni sanaa

Wengi hudhani kwamba mhusika, kitu na sentensi ya lazima vimewekwa kama mtego. Asili yake ni nyepesi kuliko hivyo. Tamasha la Tropfest, lililoanza Sydney, Australia, mwaka 1993, lilianza mwaka uliofuata kudai kwamba kila filamu iwe na kitu fulani kilichotangazwa, ili ithibitike kuwa filamu haikutolewa kabatini. Sharti ni muhuri wa tarehe. Lakini muhuri huo ukiwekwa mikononi mwa mwandishi mzuri hugeuka kuwa moyo wa kisa, na hapo ndipo kazi ya jaji inapoanza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kitu cha lazima ni dumu la maji la lita 20. Kikundi cha kwanza kinaliweka dumu kwenye kona ya chumba, kamera inalipitia, basi, sharti limetimizwa. Kikundi cha pili, kilichochota kura ya upelelezi, kinaonyesha madumu matano yaliyopangwa kwenye foleni ya bomba alfajiri, la sita limetoweka, na mwenye dumu anaanza kuwahoji majirani mmoja mmoja, huku kila anayehojiwa akiwa na sababu ya kulihitaji. Kila mtu wa nyanda za kati, ambako mvua huja msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, anaelewa bila kuambiwa kwamba hilo si dumu tu. Kwa mtazamo wa ushahidi vikundi viwili viko sawa, lakini kwa mtazamo wa sanaa vimeachana kama Bahi na Bagamoyo.

Kwa hiyo hukumu ya masharti ina ngazi mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Ngazi ya kwanza ni ndiyo au hapana, na inafaa ifanywe na waandaaji wenye orodha na kalamu: je, sentensi imetamkwa neno kwa neno, je, kitu kimeonekana, je, mhusika ametambulika kwa jina lake na kazi yake? Ngazi ya pili ni ya majaji, nao huuliza kama filamu ingebaki ileile iwapo kitu hicho kingeondolewa. Ikiwa ingebaki ileile, sharti limetimizwa kwa mkono wa kushoto. Hali ni hiyohiyo kwa utanzu: filamu iliyochota kura ya ucheshi, ikatoa msiba mzuri unaoliza ukumbi mzima, ni filamu nzuri iliyokataa kujibu swali, na jaji anayeipa alama zote za masharti anamwonea aliyejibu.

3. Uzito wa alama ndio hukumu iliyofichika

Wasikilizaji wanaombwa uvumilivu kidogo, kwa sababu sehemu hii ina hesabu, na hesabu ndiyo inayozua ugomvi nje ya kumbi za tuzo.

Katika Mradi wa Saa 48 alama hugawanywa katika mafungu matatu: sifa za kisanaa, yaani kisa, ubunifu na mvuto, asilimia 45, ufundi, yaani picha, sauti na uhariri, asilimia 30, na utimizaji wa masharti, asilimia 25. Uzito maana yake ni sehemu ya jumla ambayo fungu fulani linaruhusiwa kuiamua. Fikiria filamu mbili zilizopata alama 20 kati ya 25 za masharti. Ya kwanza imepata 36 kati ya 45 za sanaa na 15 kati ya 30 za ufundi, hivyo jumla yake ni 71. Ya pili imepata 27 za sanaa na 21 za ufundi, jumla 68. Ya kwanza imeshinda. Sasa uzito ubadilishwe, ufundi uwe 45 na sanaa 30, huku kila filamu ikibaki na kiwango kilekile: ya kwanza inapata 66.5 na ya pili 69.5. Mshindi amebadilika na hakuna jaji aliyebadili maoni. Aliyeamua ni yule aliyechapa fomu, pengine miezi mitatu kabla ya shindano.

Rai ya mhadhara huu ni kwamba mgawanyo unaolipa fungu la kisa uzito mkubwa ndio unaostahili, hasa katika nchi ambamo kikundi kimoja kinaweza kuwa na kamera ya kukodi na kingine kina simu ya mkononi. Ufundi kwa sehemu hununuliwa. Kisa hakinunuliwi Ijumaa usiku. Mfano maarufu katika ukanda wetu ni wa Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, ambaye filamu yake ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilitengenezwa kwa fedha kidogo mno, kwa silaha za bandia na kompyuta iliyounganishwa kwa vipuri, ikatazamwa duniani kote. Fomu ya alama yenye kuabudu ung'avu wa picha ingeitupa nje mapema.

Tatizo la pili la hesabu ni tabia za majaji wenyewe. Kuna jaji mkali asiyevuka 70 na kuna jaji mkarimu ambaye 90 kwake ni salamu. Tuseme majaji wawili wakali wanaipa filamu moja 60 na 61, na nyingine 64 na 66, yaani wote wawili wanaona ya pili ni bora. Jaji wa tatu, mkarimu, anaipa ya kwanza 90 na ya pili 70. Kwa kujumlisha, ya kwanza inashinda kwa 211 dhidi ya 200, ingawa majaji wawili kati ya watatu wameikataa. Dawa yake inajulikana: majaji waandike alama kwa ajili ya maelezo, lakini mshindi apatikane kwa nafasi, yaani kila jaji apange filamu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kisha nafasi zilinganishwe. Njia hiyo humnyima jaji mmoja uwezo wa kuwaburuta wenzake kwa kalamu nene. Zaidi ya hayo, filamu zinazotazamwa mwanzoni hupewa alama kwa tahadhari kwa kuwa jaji bado anaacha nafasi ya zitakazofuata, na zinazotazamwa mwishoni hukutana na macho yaliyochoka. Hivyo kila jaji atazame kwa mpangilio wake tofauti, na jopo lirudie kuzitazama zile tano za juu kwa pamoja kabla ya kujadiliana.

Kuhusu majaji wenye undugu, urafiki au biashara na washindani, neno moja latosha: watoke chumbani filamu hiyo inapojadiliwa.

4. Sauti ipimwe kwa fungu lake yenyewe

Mhadhara ungetolewa Dar es Salaam, pengine hoja hii isingehitaji kuandikwa kwa kirefu. Katika nyanda za kati inahitaji. Katika kiangazi, hasa kati ya Juni na Oktoba, upepo wa kusini mashariki huvuma juu ya uwanda mkavu usio na vizuizi vingi, na mikrofoni iliyojengwa ndani ya kamera au simu huunasa kama ngurumo ya lori. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, akaichukulia kuwa mtindo, lakini hakuna anayevumilia maneno asiyoyasikia. Fomu nyingi huiweka sauti ndani ya fungu la ufundi pamoja na picha na uhariri, na matokeo yake ni kwamba picha nzuri huifunika sauti mbovu. Ingefaa nusu ya fungu la ufundi itengwe kuwa fungu la sauti peke yake.

Hapa ndipo rai kuu ya mhadhara inapoonekana waziwazi. Kikundi kinachokutana na upepo Jumamosi asubuhi kina njia kadhaa: kupiga picha nje na kurekodi maneno upya ndani ya gari lililofungwa vioo, kuhamishia mazungumzo ndani ya nyumba ya tembe yenye kuta nene, kuufanya upepo wenyewe kuwa sehemu ya kisa, au kuyafuta mazungumzo yote na kubakiza ile sentensi moja ya lazima. Kila njia ni uamuzi, na kila uamuzi huacha alama katika filamu ambayo jaji makini anaweza kuisoma. Kusema kwamba walikuwa na siku mbili tu hakusaidii, kwa kuwa jirani yao alikuwa na siku mbili hizohizo na upepo uleule.

Muziki uingie hapahapa. Dodoma ni nyumbani kwa zeze, ilimba na ngoma ya muheme inayopigwa na wanawake wa Kigogo, na ni ardhi iliyomlea Dkt. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuisikilizisha dunia sauti hizo. Kishawishi cha kuchomeka rekodi zilizopo ni kikubwa usiku wa mwisho. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haisinzii wikiendi, na filamu yenye muziki usio na idhini haiwezi kupelekwa mbele kwenye tamasha lolote la maana. Kikundi kilichomwendea mpiga zeze Jumamosi, kikakubaliana naye kwa maandishi na kumrekodi, kimefanya kazi ya ubunifu na ya sheria kwa pamoja, na jopo likiona hivyo lisione haya kukitambua.

5. Lugha ya filamu isiwe adhabu

Suala la lugha katika filamu si geni hapa nchini: kati ya mwaka 1935 na 1937, katika mradi wa kikoloni wa filamu uliokuwa Vugiri, Tanga, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, zilitengenezwa filamu fupi takriban 35 na kuzungushwa kwa lori Afrika Mashariki na ya Kati, na maelezo yake yakasikizishwa kwa lugha kadhaa za wenyeji. Nia ya mradi ilikuwa ya mtawala, na hilo lisisahaulike. Hata hivyo, kutumia lugha za wenyeji kunakumbusha kwamba mtu huicheka au kuikubali filamu kwa lugha yake. Kwa hiyo kikundi kikitumia Kigogo, Kirangi au Kinyaturu chenye manukuu ya Kiswahili, jaji asiyekijua apime manukuu, uigizaji na kisa, na asipunguze alama kwa sababu alilazimika kusoma.

6. Kura ya ukumbi na kura ya jopo

Watazamaji hupewa nafasi ya kutoa tuzo yao mara nyingi, na wasomi huidharau mara nyingi vilevile, wakisema kwamba mwenye ukoo mkubwa ndiye hushinda. Malalamiko hayo yana ukweli, lakini mila ya kuhukumu kwa umati haikuletwa na sinema. Usukumani, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi, pande mbili zikicheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na upande uliovuta watu wengi ukawa ndio mshindi. Mtazamaji alipiga kura kwa miguu, na alikuwa huru kuhama katikati ya ngoma. Kilichofanya kura hiyo iwe ya haki ni kwamba ngoma zote mbili zilikuwa mbele yake. Basi kura ya ukumbi nayo ipigwe na aliyetazama filamu zote za kikao, apewe karatasi mwishoni na si mlangoni anapoingia, achague mbili au tatu ili nafasi ya pili isiende kwa binamu. Matokeo yake yatangazwe peke yake bila kuchanganywa na alama za jopo, kwa kuwa hukumu hizo mbili hujibu maswali tofauti.

Waheshimiwa wasikilizaji, mji huu ulichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na ukapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018. Una Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007 na vijana wengi wenye simu zinazorekodi picha vizuri. Shindano la filamu la saa 48 linaweza kuandaliwa hapa bila kusubiri fedha nyingi, kwa kuwa linahitaji ukumbi, jenereta, spika zinazosikika na majaji watano wasioogopana. Jambo ambalo halipaswi kukosekana ni karatasi. Kila kikundi, kilichoshinda na kilichoshindwa, kirudishiwe fomu zake ndani ya wiki mbili, zikiwa na alama za kila fungu na angalau sentensi mbili za maelezo zilizoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, maana mshindani asiyejua alikokosea atalirudia kosa lake mwakani kwa kamera bora zaidi. Na waandaaji watarajiwa waliomo ukumbini wanaombwa wabandike fomu hiyo ukutani, pamoja na uzito wa kila fungu, kabla kura ya kwanza ya utanzu haijachotwa Ijumaa jioni.